Kikapu Kilichozunguka Bwawa

Kuna njia moja ya miguu ambayo hakuna mtu, mweusi wala mweupe, aliyeitembea kunizidi mimi. Sisemi kwa kujisifu. Nasema kwa kuwa ni kweli, na mwenye ubishi aje. Inaanzia barazani kwenye nyumba kubwa ya shamba la mkonge, pembeni ya barabara ya Korogwe kwenda Handeni. Inashuka polepole katikati ya mijakaranda, inaingia msituni, inalizunguka bwawa lote, halafu inapanda kidogo tu, mpando ambao hata mgonjwa hahemi, inakurudisha kwenye baraza lile lile ulikotoka. Kandokando yake yamepangwa mawe yaliyopakwa chokaa. Kila penye kivuli kizuri pana benchi la saruji linalotazama maji.

Meneja wa kwanza, Mzungu, aliitengeneza kwa ajili ya mkewe, ambaye miguu yake ilikuwa dhaifu na daktari alimwambia atembee. Watu waliilima kwa majembe, wakaisawazisha, wakaimwagia kokoto laini za mtoni ili mama yule asijikwae. Baba yangu alikuwa mmoja wa waliolima. Alitoka Unyamwezi akiwa manamba, yaani wale vibarua wa mkataba walioitwa kwa namba badala ya majina, na alikufa na namba yake. Karibu na benchi la mwisho kuna kaburi la mbwa wa meneja, lina jiwe na maandishi. Baba yangu yuko nyuma ya makambi ya wafanyakazi, na pale alipolala pameota mkonge.

Sisi watoto wa makambini tulikatazwa hata kuikanyaga. Asubuhi ya Uhuru, sauti zimetukauka kwa kuimba, vijana tulikwenda kuona njia ile inakoelekea. Tulikuwa na hakika inakwenda mahali. Mwingine alisema msituni kuna ghala la fedha, mwingine akasema kuna nyumba nyingine kubwa kuliko ile. Tukaifuata. Mikrismasi ilikuwa imechanua myekundu, kima wanatupigia kelele, na sisi tunaifuata tu, mara tukajikuta mbele ya baraza tulikoanzia. Mwenzetu mmoja akakaa chini kwa kicheko.

"Yaani watu wamelimishwa yote hii iwapeleke pale pale walipokuwa?"

Tangu siku hiyo ikaitwa njia ya bure.

Mimi sikucheka. Mimi nilikuwa naitazama nyumba.

Nilisoma mpaka darasa la pili. Wenzangu walioendelea wakawa makarani, na leo hii wananifuata niwapigie lipu kwa mkopo. Mimi nilianzia korona, kile kiwanda cha kusaga majani ya mkonge, nikianika nyuzi kwenye waya mpaka mikono ikawa kama magome. Nikatoka hapo nikabeba zege kwa mwashi mmoja wa Korogwe. Sikumuuliza kitu, nilimtazama mikono. Ukuta hauulizi cheti, bwana. Ukuta ama unasimama ama unaanguka, na wa kwangu haujaanguka hata mmoja. Azimio lilipotangazwa na mashamba yakachukuliwa na serikali, tayari nilikuwa na mafundi wangu na toroli zangu. Vilipoanza vijiji vya ujamaa, shule ile ni mimi, ghala lile ni mimi. Nenda Sindeni uulize.

Sasa meneja mpya wa shamba alikuwa kijana wetu, Mwafrika, mstaarabu sana. Aliingia kwenye ile nyumba kubwa, akapiga kelele "Hoi!" kama mtu anayejaribu kisima, akausikiliza mwangwi wake, akatoka. Akaenda kupanga mjini. Paa lilikuwa linavuja na popo wameshahamia darini.

"Ndugu fundi," akaniambia, "itengeneze, ukae humo mpaka shamba litakapoihitaji."

Shamba halikuihitaji tena. Bei ya mkonge ilishaanguka, na pori lilikuwa linarudi kudai mali yake. Nikaziba paa, nikawatoa popo, nikapaka chokaa. Mtoto wa manamba nikalala chumba cha Bwana Mkubwa, kitanda changu kikionekana kama kiberiti kilichosahauliwa ukumbini.

Nilikuwa nimeoa si zamani. Mke wangu alitoka Lutindi, juu milimani karibu na misheni ya zamani, Mshambaa mcheshi mwenye ulimi wa wembe mpya. Kwao nyumba zinashikana mlimani kama watu waliopanda bega kwa bega. Ukipika maharage, jirani wa juu anajua umesahau chumvi. Ukikohoa usiku, asubuhi unaletewa tangawizi. Kabla ya hapo tulikaa Korogwe mjini, chumba kimoja, na majirani ukuta kwa ukuta. Siku nilipomwingiza katika nyumba kubwa nilifungua milango yote, mmoja baada ya mwingine. Akanifuata mpaka wa mwisho.

"Hawa wengine wanakuja lini?" akauliza.

"Wengine gani?"

"Wa kukaa humu."

Nikacheka. Nikamwambia humu ni mimi na yeye, na watoto Mungu akitujalia, maana alikuwa hajatujalia bado. Akatikisa kichwa, akaenda nje, akapanga mafiga matatu chini ya mjakaranda. Jiko la ndani, lenye dohani na vigae vyeupe, hakulipikia hata siku moja. Alisema moshi wa mle hauonekani na mtu.

Mwanzoni alikuwa anashuka makambini. Alikuwa na marafiki kule, wake wa wakata mkonge, akienda kusukwa nywele na kurudi na habari za dunia nzima. Halafu shamba likapunguza watu. Waliobaki wakahamishiwa kijiji kipya cha ujamaa, mbali, barabarani. Waling'oa mabati na milango wakaondoka navyo kwenye lori. Makambi yakabaki kuta zenye macho. Kwa jirani tukabaki na mtu mmoja tu, mlinzi wa korona, Mzigua wa kule Sindeni, na kazi yake ilikuwa kulinda mashine iliyokwisha kufa.

Huyu alikuwa mtani wangu. Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na mtani hana simile. Alikuwa akiniona barazani anaanza kwa mbali, "Wewe manamba! Shuka humo! Baba yako alifagia hiyo ngazi, wewe unaikalia!" Na mimi namjibu, "Linda chuma chako, Mzigua we, kutu isije ikakuibia." Tunacheka, ananiomba tumbaku, siku imepita. Mke wangu hakuwa na mtani. Jioni nilipotoka kazini alikuwa ananihesabia aliowasalimia.

"Leo nimesalimiana na kima. Nimemwambia habari za asubuhi."

"Akasemaje?"

"Akanigeuzia makalio. Lakini angalau ni jibu."

Nikaona nimchangamshe. Jioni moja nikamwambia, "Vaa, twende tukatembee njia ya bwawani." Nilimwona Mzungu na mkewe wakifanya hivyo miaka yote ya utoto wangu, mikono mitupu, polepole, na niliwahi kujiapiza na mimi nitafanya.

"Tunakwenda kwa nani?" akauliza.

"Hatuendi kwa mtu. Tunatembea."

"Kutembea ni kwenda kwa watu, bwana. Hakuna kutembea kwa miti."

"Basi tutembee tu hivyo hivyo."

Akaingia ndani. Akakaa muda. Alipotoka alikuwa amevaa kanga zake nzuri, amejipaka mafuta, na mkononi ana kikapu cha ukindu alichokuja nacho toka kwao. Ndani kaweka mayai, ndizi mbivu, na unga kidogo umefungwa kwenye kitambaa.

"Hivyo vya nani?"

"Mtu haendi kutembea mikono mitupu. Tutamkuta wa kumpa."

Tukashuka. Na njia ile, nakuambia, jioni ilikuwa haina mfano. Jua linapenya kwenye mivinje, perege wanaruka majini, mnandi amekaa kwenye gogo ametandaza mbawa zake zikauke. Hondohondo wawili wakapita juu yetu wakipiga kelele ya bawaba kavu. Mimi natembea kama Bwana Mkubwa, mikono nyuma. Yeye anatembea na kikapu chake, na kila kona anatazama mbele kama atatokea mtu. Tukafika kwenye kaburi la mbwa. Akasimama, akaniuliza huyu ni nani, nikamwambia. Akalitazama lile jiwe, akasema, "Huyu naye alikaa peke yake," akaendelea.

Tukazunguka, tukapanda, tukatokea barazani. Akapanda ngazi mbele yangu. Akasimama kwenye mlango wetu uliofungwa, akagonga.

"Hodi!"

Mimi niko nyuma yake nacheka.

"Hodi wenyewe! Hodi jamani!" Akageuka, akanipa kikapu kwa mikono miwili, akapiga magoti kidogo kama mgeni wa heshima. "Haya, mwenyeji wetu, Bwana Meneja. Tumekuja kukutembelea. Pokea, ni kidogo."

Nikapokea. Tukacheka wote, mpaka mimi nikafuta macho. Yale mayai tuliyala usiku ule. Nilidhani amefurahi.

Siku chache baadaye, asubuhi, akaniambia, "Nataka kwenda kwetu kutembea." Hatukuwa tumegombana. Hakuna neno baya lililopita, wala sikuwahi kumnyooshea mkono. Nikampandisha basi Korogwe na kikapu chake magotini. Akanipungia dirishani. Akaenda.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo penye jambo. Kwetu mke akiondoka kwa hasira, mume humfuata. Anakwenda kwa wakwe, anakaa chini, anasemwa, anapewa mke wake, wanarudi. Hiyo ni sheria na haina aibu. Lakini mke aliyekwenda kutembea hafuatwi. Anatembea, anashiba ndugu zake, anarudi mwenyewe. Wangu alisema kutembea. Nilimsikia kwa masikio yangu haya. Kwa hiyo nikasubiri.

Nikasubiri, na kwa kuwa sikuwa na wa kuongea naye jioni, nikatembea njia ya bure. Kila siku nikitoka kazini, navua buti, navaa viatu vya mjini, nashuka. Mvua za masika zikaja, nikatembea na mwavuli. Nyumba ile usiku ilikuwa inatoa sauti, mbao zinajinyoosha, na mimi nikikohoa ukumbini, kikohozi kinakwenda mpaka chumba cha mwisho na kurudi. Nilijifunza kula nimesimama. Watu husema upweke ni kukosa watu, mimi nasema upweke ni kuisikia sahani yako ukiiweka mezani.

Siku moja mgambo wawili wa kijiji kipya walinikuta msituni. Wakati ule mtu asiye na kazi aliitwa mzururaji, na wazururaji walikuwa wanakamatwa.

"Ndugu, simama. Unatoka wapi?"

"Nyumbani."

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani."

Wakatazamana.

"Sasa huku umefuata nini?"

"Natembea."

"Unamtembelea nani? Huku kuna nani?"

"Hakuna mtu."

"Basi huko si kutembea, ndugu. Huko ni kuzurura. Twende kwa katibu."

Mimi huyu! Niliyewajengea shule wanayosomea watoto wao! Nikawataka wanitazame vizuri. Mmoja akanitambua, akaona haya. "Ee, kumbe ndugu fundi. Samahani, mzee. Lakini tembea na kitu basi, hata jembe, watu tujue." Kuanzia siku hiyo nikawa natembea nimebeba pima maji yangu, ile ya mbao yenye kioo katikati, kama mtu anayekwenda kupima ukuta. Sikuwa na ukuta wa kupima.

Masika yalipokatika, kikapu kikaja. Alikileta dereva wa lori aliyepandisha saruji Lutindi. Kimejaa mapeasi, maharage mabichi, na juu kimefunikwa kwa jani la mgomba. "Mkeo anakusalimu," akasema dereva. "Anauliza habari za kima."

Nilifurahi, sifichi. Nikaona mwanamke huyu ananikumbuka. Na mimi si mtu wa kupitwa kwa wema. Kikapu hakirudi kitupu, hilo hata mtoto analijua. Nikakijaza ambavyo hakijawahi kujazwa: sukari, wakati ambao sukari ilikuwa ya kupanga foleni tangu alfajiri; mchele, sabuni, mafuta ya taa kwenye chupa, na doti ya kanga mpya juu. Nikampa dereva yule yule. Wakwe wataona binti yao ameolewa na mtu wa namna gani.

Jioni nikamsimulia mtani wangu. Nilidhani atanisifu. Akaacha kutafuna.

"Umempelekea sukari?"

"Na mchele."

"Na mafuta ya taa?"

"Chupa nzima."

"Manamba wewe ni mjinga wa ukoo." Akatema. "Hiyo ni posho! Mke aliye kwao ukimpelekea posho, umemwambia akae huko huko. Yeye kakuletea kikapu ukirudishe wewe, kwa miguu yako hii ya kuzungukia maji. Wewe umempa dereva!"

"Yeye amekwenda kutembea. Hahitaji kufuatwa."

"Kutembea! Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyo ameshapewa jembe, amelima, amevuna, hayo maharage uliyokula unadhani ya nani? Manamba, mkeo si mgeni tena kule. Mgeni ni wewe."

Mtani akikutukana huwezi kukasirika, ni mwiko. Na tabu ya utani ni kwamba hujui neno lipi ni mchezo na lipi ni dawa. Nikacheka, nikampa tumbaku, nikaenda zangu kutembea.

Kikapu kilirudi mara ya pili baada ya vuli kuanza. Kilikuwa kitupu.

Nilikigeuza. Nikakikung'uta. Nikamtuhumu dereva kala njiani, akaapa kwa mamake kwamba amepewa hivyo hivyo, kitupu, na mkono wa mwenyewe. Nikakibeba mpaka korona. Mtani wangu akakitazama, na safari ile hakunitania. Alisema tu, "Kesho panda mlima."

Nikapanda. Nilikijaza kikapu nikakibeba mwenyewe. Basi likanishusha chini, nikaanza kukwea kwa miguu, njia nyembamba yenye mizizi na mawe, si njia ya mgonjwa ile. Nilikwea kama kijana. Kila nilipopita nyumba watu walitoka kunisalimu, wananiuliza natoka wapi, wanakitazama kikapu, wanatabasamu. Nilipofika kwa wakwe, habari zilishafika kabla yangu.

Nikawaamkia. Wakanipokea, maji ya kunywa, kigoda. Mke wangu sikumwona. Niliambiwa yuko ndani. Nyumba ile ilikuwa ndogo, ukumbi unajaa kwa watu sita, na walikuwa zaidi. Watoto wa jirani wamejipanga mlangoni. Baba mkwe alikuwa mtu mpole, mwenye koti kuukuu la misheni. Akaniuliza habari za kazi, mvua, mashamba. Nikamwambia kwa kirefu shule ninayojenga, ukubwa wake, bati ngapi. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akaweka mikono magotini.

"Sasa mwanangu. Umekuja kufuata, au umekuja kutembea?"

Na mimi nilijua. Nilikwea mlima mzima nikijua nimekuja kufuata nini. Lakini kufuata ni kusema mke alikukimbia. Mbele ya watoto mlangoni, na majirani, na bati zangu nilizokwisha kuzisema? Mke wangu mimi hakunikimbia. Nyumba ile hakuna mwanamke wa kuikimbia.

"Nimekuja kutembea, baba," nikasema.

"Karibu sana," akasema. "Jisikie uko kwako."

Na wakanitembeza. Sijapata kupokewa namna ile. Walichinja jogoo. Nililazwa kwenye kitanda kizuri, pamoja na shemeji zangu wadogo, kama mgeni. Nilipelekwa kuona misheni, kanisa lake na misonobari yake, nikapelekwa kuona shamba la mke wangu, mistari imenyooka kama ya pima maji. Yeye mwenyewe alinipikia, akaninawisha mikono, akanicheka nilivyochomwa na ugali. Tuliongea mbele za watu tu. Siku ya kuondoka, kama ilivyo adabu ya kumsindikiza mgeni, akakibeba kikapu changu, kimejaa tena, akanisindikiza mpaka barabarani.

Chini, tulipoanza kulisikia basi, akasema bila kunitazama:

"Siku ile nilikuwa nyuma ya mlango. Nguo zangu nilishazifunga. Nilishaaga hata mama."

"Siku ipi?"

"Baba alipokuuliza."

"Basi twende. Panda. Nguo nitakununulia nyingine."

"Njiani?" Akanitazama sasa. "Mimi si kuku aliyepotea, bwana, uniokote barabarani. Mke anafuatwa kwa baba yake, watu wakisikia. Mbona ni neno moja tu? Mtu wa kuta zote hizo, neno moja likakushinda kuinua?"

"Nitapanda tena."

"Panda." Akanipa kikapu kwa mikono miwili. "Lakini ukipanda, usije kutembea."

Basi likasimama. Konda akanivuta.

Nilitaka kupanda tena. Nilisema nikimaliza shule. Nikaimaliza, nikapewa zahanati, na zahanati ya kule ni kazi ya mtu mmoja tu katika wilaya nzima, na mtu huyo ni mimi. Kabla sijaezeka, wakashuka wazee wawili wa kwao, wakakaa kwenye baraza la Mzungu, tukayamaliza maneno kwa adabu. Nasikia aliolewa na mtu wa kule kule, nyumba yao imebanana na nyumba nyingine pande zote. Leo mimi nina nyumba yangu Mkata, matofali ya kuchoma, hatua chache toka barabara kuu. Mabasi yanapiga honi usiku kucha, wauza mahindi wanagombana dirishani kwangu, na nimejenga benchi la saruji mbele, refu, akae anayetaka. Watu hukaa. Wananiuliza kwa nini mtu mwenye uwezo wangu sijengi mahali penye utulivu.

Lakini siku ile ya basi nilifika shambani jioni. Sikutaka kuingia. Nikashuka moja kwa moja njia ya bure na kikapu mkononi, na kwa mara ya kwanza nilikuwa nimebeba kitu cha kweli. Kulikuwa na mapeasi, mayai yaliyozungushiwa majani makavu yasivunjike, unga kwenye kitambaa kile kile. Mnandi alikuwa kwenye gogo lake. Nilipita mabenchi yote. Nilipita kaburi la mbwa. Nikajikuta kila kona natazama mbele, kama atatokea mtu.

Nikapanda ule mpando usio na tabu. Nyumba ilikuwa imefungwa kama nilivyoiacha, na ufunguo uko mfukoni mwangu. Nikasimama mlangoni, kikapu mikononi, nikagonga.

"Hodi," nikasema. "Hodi wenyewe."

Ikaenda mpaka chumba cha mwisho, ikarudi.